Mombasa Mpya, Mwaka 2552

Tarehe 9 Novemba 2004 maduka ya Marekani yalianza kuuza gemu iitwayo Halo 2, na katika saa 24 za kwanza yaliingiza dola milioni 125 hivi. Hao ni watu wengi, na wengi wao vijana, waliokaa mbele ya runinga zao wakapelekwa Mombasa. Hawakupelekwa kwa utalii. Mwaka ni 2552. Viumbe wa sayari za mbali, waliojiunga katika dola moja ya kidini iitwayo Covenant, wameifikia dunia, na mahali wanaposhukia ni pwani ya Kenya, katika mji wa New Mombasa. Master Chief, askari aliyelelewa tangu utotoni ili awe silaha, anapita kwenye vichochoro vya mji wa kale, anatokea ufuoni, anavuka daraja refu mno akiwa ndani ya kifaru, kisha anaingia kisiwani.

Juu ya kisiwa hicho kuna lifti ya angani, yaani mnara ulioshikiliwa na kamba inayopanda mpaka nje ya hewa ya dunia na kubeba mizigo bila roketi. Wengi huuliza kwa nini Mombasa, wakidhani jina lilichaguliwa kwa utamu wake tu. Sababu ya kihandisi ipo. Kamba ya namna hiyo hutaka kuning'inia kutoka kwenye njia ya setilaiti zinazozunguka sambamba na dunia, kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo mji wenye bandari ulio karibu na ikweta ni mali. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa mstari huo na bandari inayo. Kwa mara moja basi Wazungu wa studio hawakututafuta kwa ajili ya simba na machweo. Walitutafuta kwa ajili ya jiografia yetu, na mimi hilo nawashukuru.

Lakini ukicheza kwa makini utaona jambo jingine: mji huo hauna wenyewe. Askari wapo, maadui wapo, magari yaliyotelekezwa yapo. Muuza viazi karai, mzee wa kahawa na birika lake, watoto wanaotoka chuoni na misahafu kifuani, hao hawapo. Ubishi hauhitajiki, maana sababu inaeleweka. Mashine za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na kila mtu anayetembea barabarani huila. Tena anayetengeneza gemu ya kufyatua risasi hataki mchezaji ampige mama mwenye kikapu. Mji huondolewa watu kabla mchezaji hajafika. Anayeishi humo ni nani, anapika nini, anaogopa nini, hayo huachiwa kitabu.

Kitabu ninachokisema ni kile cha hadithi za picha kinachotolewa kuandamana na gemu. Wanachama wengi wa chama chetu wanavijua, na walimu wetu, nadhani, wameviona mikononi mwetu wakavidharau. Hawakukosea sana. Vingi vya aina hii ni matangazo yaliyotiwa jalada: shujaa yuleyule, bunduki ileile, na hadithi isiyothubutu kubadilisha chochote kwa sababu gemu inayofuata haijatoka. Vilivyo bora ni vile vilivyopewa pengo la kuziba. Katuni za Dead Space, zilizoandikwa na Antony Johnston na kuchorwa na Ben Templesmith, zilianza kutoka 2008 kabla ya gemu yenyewe, zikaeleza yaliyowapata watu wa koloni kabla mchezaji hajafika na kukuta maiti. Mass Effect: Redemption ya 2010 ilieleza jinsi mwili wa shujaa aliyekufa ulivyookolewa baina ya gemu ya kwanza na ya pili. Mchezaji asingeweza kuicheza sehemu hiyo, maana mtu anayemchezea alikuwa marehemu.

Nirudi Mombasa. Halo wakati ule ilikuwa kazi ya studio ya Bungie, karibu na Seattle. Waliamua kutengeneza kitabu cha picha kwa gharama zao wenyewe kabla ya kupata mchapishaji. Msimamizi wa kazi alikuwa Maria Cabardo, na badala ya kuajiri kiwanda cha wachoraji wa mshahara, wao waliwaita wachoraji waliowapenda na kumpa kila mmoja nafasi yake. Marvel ndio waliokichapisha, Julai 2006, kurasa 128, jalada gumu. Kinaitwa tu Halo Graphic Novel. Jina halina ladha, lakini ndani yake mna hadithi nne na mkusanyo wa michoro.

Ya kwanza, iliyochorwa na Simon Bisley, inahusu meli ya Covenant iliyovamiwa na vimelea, na ni damu mwanzo mwisho. Ya pili ni majaribio ya mavazi mapya ya kivita, nayo haitunyimi usingizi. Ya tatu ya Tsutomu Nihei wa Japani haina neno hata moja, nami nitairudia. Ya nne imeandikwa na Brett Lewis, na jina lake ni Second Sunrise over New Mombasa, yaani mawio ya pili juu ya Mombasa Mpya. Aliyeichora ni Moebius.

Kwa wasomaji wasiolijua jina hilo: Moebius ni Jean Giraud, Mfaransa aliyezaliwa 1938 na kufariki Machi 2012. Alikuwa mmoja wa walioanzisha jarida la Métal Hurlant miaka ya 1970, akachora Arzach, na pamoja na Alejandro Jodorowsky akatunga L'Incal. Filamu za Alien, Tron na The Fifth Element zina mkono wake. Ukiona mji wa baadaye kwenye sinema, uliopandana juu kwa juu, wenye magari yanayopita hewani katikati ya majengo, unatazama wazo alilolichora yeye miaka mingi kabla. Mtu wa daraja hilo alikaa mezani kwake akaichora Mombasa. Sijui kama kuna mji mwingine wa Kiswahili uliopata heshima hiyo, na nashangaa kwamba huku vyuoni hatujawahi kuutaja.

Hadithi yenyewe ni fupi. Haina Master Chief. Inamfuata mtu wa habari anayeishi mjini, ambaye kazi yake ni kuandaa matangazo ya kuwatia raia moyo wakati vita vinashindwa huko mbali kwenye nyota, wala wenye mji hawaambiwi. Ndiyo hadithi pekee katika kitabu inayouliza swali la watu wazima: raia anajua nini kuhusu vita vinavyopiganwa kwa jina lake, na ni nani anayelipwa ili asijue zaidi? Kisha adui anafika juu ya paa lake. Moebius ana mstari mwembamba na safi, na mkono kama huo unafaa kwa jambo hili kuliko mkono wa Bisley unaomwaga damu. Mji lazima uonekane mzuri na wa kawaida, mahali ambapo mtu angetaka kupanga chumba, ndipo kuupoteza kuwe na uzito.

Jina la hadithi nalo linamgusa Mswahili kwa namna ambayo Lewis huenda hakuikusudia. Sisi huhesabu saa kuanzia mawio. Jua likichomoza, baada ya saa moja ni saa moja. Sasa likichomoza mara ya pili siku hiyohiyo, kwa moto wa meli za Covenant, ni saa ngapi? Kwa msomaji wa Kiingereza mawio ya pili ni picha ya kutisha. Kwetu sisi saa yenyewe inavurugika.

Lakini lipo jambo linalonikwaza, na nitalieleza kwa kulinganisha. Mwaka 2007 Marvel walianza mfululizo mwingine, Halo: Uprising, uliochorwa na Alex Maleev na kuandikwa na Brian Michael Bendis. Ulikusudiwa kumpeleka msomaji kutoka mwisho wa Halo 2 hadi mwanzo wa Halo 3. Ukachelewa vibaya: gemu ilitoka Septemba 2007, na toleo la nne na la mwisho likatoka 2009, daraja likikamilika wakati abiria wote wameshavuka kwa kuogelea. Watu walilicheka sana jambo hilo. Mimi sikulicheka, maana kuna kitu kingine mle. Hadithi ya Uprising inatokea Cleveland, Ohio, na mtu anayeibeba ni mfanyakazi wa hoteli. Kwa nini Cleveland, mji ambao gemu haina habari nao? Kwa sababu Bendis alizaliwa Cleveland. Alipopewa dunia nzima ya mwaka 2552 achague pa kuiweka hadithi yake, alichagua kwao.

Cleveland iliandikwa na mtoto wa Cleveland. Mombasa iliandikwa na wageni. Ni wageni wenye adabu na wenye kipaji, sikatai, lakini mgeni hata akiwa hodari namna gani huijua sebule, jiko halijui. Katika habari zote hizi za New Mombasa, kitabu na gemu, mji una majina ya Kiswahili na hauna Kiswahili.

Mfano mzuri ni gemu ya Halo 3: ODST ya 2009, ambayo karibu yote iko ndani ya New Mombasa. Askari aliyepotezana na wenzake anazunguka usiku katika mitaa mitupu. Hapa watengenezaji waliufungua ramani ya Mombasa halisi, hilo ni dhahiri. Kuna Kizingo, kuna Kikowani, kuna uwanja unaoitwa Tayari. Mwenye kuijua Mombasa ataitambua Mwembe Tayari hapo, ila kufikia 2552 mwembe umekatwa, imebaki tayari.

Na ndani ya gemu hiyo wameficha kitabu kingine cha picha. Ukisogelea simu za barabarani na mashine za kutolea pesa, unapata kipande cha sauti pamoja na michoro iliyotulia, kazi ya Ashley Wood wa Australia, ambaye kabla ya hapo alikuwa amechora katuni za Metal Gear Solid. Vipande viko 30. Ukivikusanya vinakuwa hadithi ya msichana anayetaka kutoroka akajiunge na jeshi, na baba yake, mtaalamu wa mtambo wenye akili unaoutawala mji, ambaye anautumia mtambo huo kumzuia na baadaye kumlinda. Msichana anaitwa Sadie Endesha. Baba yake ni Dakta Daniel Endesha.

Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Endesha si jina la ukoo, ni kibao cha barabarani: endesha polepole. Mtu alifungua kamusi akachukua kitenzi kilicholia vizuri masikioni mwake. Hata hivyo, nikampa haki yake. Kazi ya huyo baba ni kuuendesha mji: taa, treni, milango, vyote hupita mkononi mwake. Kama jina lilichaguliwa kwa kujua, basi ni mzaha mzuri ambao ni wazungumzaji wa Kiswahili peke yao wangeushika kati ya mamilioni ya wachezaji. Kama ni bahati nasibu, basi bahati hiyo inatujua.

Mtambo huo nao ni kitu cha ajabu. Unaitwa Superintendent. Hauwezi kusema sentensi zake wenyewe. Una misemo iliyorekodiwa tayari, ile ya matangazo ya barabarani na vituoni, na kila unachotaka kumwambia Sadie lazima ukitafutie msemo unaokaribiana: kumwonya, kumbembeleza, kumficha. Wahakiki wa Kiingereza wanauona kuwa ubunifu mkubwa. Mtu wa Mombasa atauliza, huo si mchezo wa leso? Mwanamke wa Pwani anayetaka kumwambia jirani neno zito bila kufungua mdomo huenda dukani akachagua leso yenye maneno yanayofaa, akajifunga, akapita mlangoni pa jirani. Tumekuwa na namna hiyo ya kusema miaka zaidi ya mia. Mji wa New Mombasa ulikuwa na lugha yake ya mafumbo inayousubiri, nao ukapewa matangazo ya Kiingereza ya stesheni.

Kama haya yangekuwa ya kuchekesha tu nisingeyaandikia makala. Nina binamu yangu aliyezaliwa huku Uingereza. Ana miaka 17 na hajafika Mombasa hata mara moja, kwanza kwa sababu ya nauli, kisha kwa sababu ya mitihani. Mombasa anayoijua ni hii ya gemu, na anaijua kuliko mimi. Ataniambia lini lifti ilianguka na vipande vyake vilitapakaa wapi. Sikukuu ya Idi tulimpigia simu nyanya. Yeye na binamu huwa na maongezi mafupi, maana Kiswahili chake binamu huisha baada ya shikamoo. Safari hii alitaka kumfurahisha, akamwambia kwamba anakujua Kikowani.

"Kikowani?" nyanya akauliza. "Wakujuaje, mume wangu? Kikowani si ndiko alikolala babuyo."

Binamu alinitazama nimtafsirie. Kikowani ya gemu ni kituo cha treni ambapo unayatungua maadui kutoka hewani. Kikowani ya nyanya ni makaburi, na babu yetu amelazwa huko. Nilimtafsiria. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimuulize nyanya kaburi liko upande gani, karibu na nini. Nyanya akaeleza kwa urefu, mti kwa mti, ukuta kwa ukuta, na binamu akawa anaandika kwenye karatasi. Kiswahili chake siku hiyo kiliongezeka maneno kama kumi, yote ya mahali: nyuma ya, kando ya, mkabala na.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba vitabu hivi ni upuuzi na havistahili kuletwa darasani, namjibu kwamba mlango huwa pale mtu anapoukuta. Na akiniambia vinatosha, kwamba tushukuru kutajwa, hapo pia sikubaliani naye. Sisi hatukuanza jana kutia maneno ndani ya viputo. Juha Kalulu wa Edward Gitau alikuwa akiwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kabla baadhi ya walimu wetu hawajajua kusoma. Tanzania ilikuwa na gazeti la Sani na Ndumilakuwili wake. Tangu 2010 Shujaaz ya Nairobi imetolewa bure kwa vijana, kwa Sheng, ikiwa na mhusika anayerusha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Mchoraji yupo, mwandishi yupo, msomaji ndiye huyo anayekaa na simu yake usiku akizunguka Kizingo ya mwaka 2552. Kinachokosekana ni mtu wa kwetu kufanya alichofanya Bendis: kupewa dunia yote na kusema, mimi nitaandika Majengo.

Wakati tukimsubiri, chama chetu kimefanya jambo dogo. Nilisema nitairudia hadithi ya tatu, ile ya Nihei. Inaitwa Breaking Quarantine, nayo inaonyesha jinsi Sajini Johnson alivyoponea chupuchupu kwa vimelea vya Flood. Katika gemu ya kwanza Johnson anapotea, kisha katika ya pili anatokea mzima. Nihei anaonyesha kilichopita katikati. Kwa kuwa haina maneno, haihitaji tafsiri wala ruhusa ya mtu kuisimulia. Muhula uliopita tulikiweka kitabu mezani siku ya mkutano, tukawaomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasimulie ukurasa mmoja mmoja kwa Kiswahili, na wenyeji wasahihishe kwa upole.

Upole ulidumu kurasa mbili. Wanafunzi walikuwa na vitenzi vya kutosha: anakimbia, anageuka, anapiga. Shida ilikuwa sauti. Katuni za Kiingereza zina sauti zake zilizozoeleka, na wanafunzi walitaka zetu. Mwanafunzi mmoja aliufikia mchoro wa mtu anayeanguka akauliza mtu akianguka kwa Kiswahili inalia vipi. Mwenzetu wa Unguja akajibu kwamba swali halijakamilika. Ameanguka wapi? Majini ni chubwi, mchangani ni tifu, matopeni ni tapwi, kwa kishindo ni pu. Mwenzetu wa Bukavu akasema kwao hawayagawanyi hivyo, na kwamba huyu kaanguka juu ya chuma, kwa hiyo pu haitoshi, chuma kina mwangwi. Mwalimu aliyekuwa amekuja kutusalimu tu akavuta kiti. Akasema kama pale sakafuni pameshajaa vile vimelea vilivyopasuka, chuma hakiguswi tena, na mwenye tapwi yake ana hoja. Kikao kilikuwa kiishe saa mbili usiku. Saa mbili na nusu bado tulikuwa tumeinamia ukurasa uleule, mmoja akimulika kwa simu, tukiitafuta sakafu.